Msaragambo wa Maarifa: Nani Atamshukuru Anayejitolea?



Tuanze na jambo lililotokea katika kijiji kimoja cha milima hii yetu ya Usambara. Jina la kijiji hatutalitaja, maana nia yetu si kumwaibisha mtu.

Wanakijiji walichimba mtaro wa kuleta maji kutoka kwenye chemchemi mpaka shuleni. Kazi ilichukua wiki sita. Kila Jumamosi ilikuwa siku ya msaragambo. Wanaume walichimba. Vijana walibeba mawe. Kina mama walisomba mchanga kwa ndoo, na pia walipika.

Siku ya kufungua maji mgeni wa heshima alikuja. Karatasi ya majina ikasomwa. Kila aliyeitwa alisimama, akapigiwa makofi. Lakini mama mmoja, ambaye hakukosa hata Jumamosi moja, hakusikia jina lake. Si kwamba alichukiwa. Aliyeandika orodha alikuwa upande wa wachimbaji, akaandika wale aliowaona. Basi.

Yule mama hakusema neno. Lakini mvua za masika ziliponyesha na mtaro ukaziba, hakutokea kuuzibua. Yeye ni mwanakisomo wetu, kwa hiyo tulimwuliza darasani. Akajibu: "Mwalimu, mimi sikudai hela. Wala soda sikutaka. Nilitaka kusikia tu kwamba na mimi nilikuwepo."

Maneno hayo tumeyafikiria sana. Leo tunataka kueleza habari za msaragambo mwingine, mkubwa kuliko wa kijiji chochote. Ni msaragambo wa dunia nzima. Hauchimbi mtaro, unaandika kitabu. Wanaoufanya hawalipwi. Nao pia wameshughulika na swali lile lile la mama yetu: anayejitolea ashukuriwe namna gani? Wamejaribu njia nyingi. Nyingine zimefaa, nyingine zimeleta taabu. Tukizijua, zitatusaidia hapa nyumbani.

KAMUSI ELEZO NI KITU GANI?

Kamusi ya kawaida inakupa maana ya neno. Ukitafuta neno "muhogo", itakuambia kwamba ni mmea wenye mizizi inayoliwa. Kamusi elezo inakwenda mbali zaidi. Inakueleza muhogo ulitoka wapi, unapandwaje, unaliwa nchi gani, na magonjwa yake ni yapi. Ndani yake mna habari za nchi, milima, wanyama, magonjwa, viongozi, dini na mashine.

Zamani kamusi elezo zilikuwa vitabu vikubwa vikubwa, vingi, vimepangwa rafu nzima. Viliandikwa na wataalamu waliolipwa. Bei yake ilikuwa kubwa, hata shule nyingi hazikuweza kuvinunua.

Tarehe 15 Januari 2001, huko Marekani, watu wawili, Jimmy Wales na Larry Sanger, walianzisha kamusi elezo ya namna mpya. Waliiita Wikipedia. Neno "wiki" limetoka katika lugha ya visiwa vya Hawaii, na maana yake ni "haraka". Kamusi elezo hii haichapwi katika karatasi. Inasomwa katika intaneti, yaani ule mtandao unaounganisha kompyuta na simu za dunia nzima. Hata simu ya kijana wako, ile yenye kioo kikubwa, inaweza kuifungua.

Mambo mawili yanaifanya iwe tofauti na zile za zamani. La kwanza, haiuzwi. La pili, mtu yeyote anaweza kuandika humo, au kusahihisha alichoandika mwingine. Mwalimu anaweza, mkulima anaweza, mwanafunzi anaweza. Kuna shirika la kutunza mitambo, nalo lina wafanyakazi wanaolipwa kwa michango ya watu. Lakini waandishi wenyewe wanajitolea.

Leo Wikipedia ipo katika lugha zaidi ya 300. Ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na makala zake zimeshapita 70,000. Zimeandikwa na Watanzania, Wakenya, na hata wageni waliojifunza lugha yetu. Milima yetu ya Usambara imo. Lushoto imo.

Sasa jiulize: mtu ametoka kazini jioni, amechoka. Badala ya kupumzika, anakaa kuandika habari za mlima au za ugonjwa wa malaria, ili mtu asiyemjua asome bure. Hapati hata senti. Kwa nini anafanya hivyo? Na kitu gani kitamfanya arudi kesho?

JINA LA MWANDISHI LIKO WAPI?

Ukifungua gazeti, mara nyingi utaona jina la mwandishi juu ya habari au chini yake. Ukifungua makala ya Wikipedia, huoni jina la mtu. Unaona habari tu. Sababu yake ni kwamba makala moja inaweza kuwa imeandikwa na watu 50. Mmoja aliweka msingi. Mwingine aliongeza picha. Wa tatu alisahihisha tarehe. Hakuna anayeweza kusema: makala hii ni yangu.

Lakini majina hayakutupwa. Nyuma ya kila makala kuna ukurasa unaoitwa "historia". Huo ni kama daftari la mahudhurio. Kila anayebadilisha kitu, hata nukta moja, huandikwa humo: siku, saa, na jina lake au jina alilojichagulia.

Ni jambo zuri sana. Kama yule mama yetu angekuwa mwandishi wa Wikipedia, asingeweza kusahauliwa katika orodha. Daftari linajiandika lenyewe.

Hata hivyo, daftari hili lina upungufu wa aina mbili.

Kwanza, ni watu wachache wanaolifungua. Msomaji anachota maji, anakwenda zake. Haulizi nani alichimba kisima. Orodha ipo, lakini haisomwi mbele ya watu.

Pili, daftari linahesabu mara, halipimi uzito. Mtu aliyesahihisha herufi moja amehesabiwa mara moja. Mtu aliyesoma vitabu kwa mwezi mzima, kisha akaweka makala ndefu yenye ukweli, naye kahesabiwa mara moja. Ni sawa na msaragambo ambapo aliyeng'oa jiwe kubwa na aliyeokota kijiti wote wamewekewa alama moja.

Kwa sababu hiyo waandishi wenyewe waliona kwamba daftari peke yake halitoshi. Lazima binadamu amwambie binadamu mwenzake: nimeiona kazi yako.

NJIA NNE ZA KUSHUKURU

Hebu tuzitazame njia walizozitumia.

Njia ya kwanza ni neno "asante". Tangu mwaka 2013 kuna mahali pa kubonyeza ili kumshukuru mtu kwa sahihisho fulani alilofanya. Siyo kumshukuru kwa jumla. Unamshukuru kwa jambo moja ulilolisoma na kuliona ni zuri. Yeye anapata taarifa kwamba fulani amekushukuru kwa hili. Inachukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Njia ya pili ni nyota. Huko Marekani, wakulima wa zamani walikuwa na desturi ya kusaidiana kujenga maghala. Majirani wote walikusanyika, wakasimamisha ghala la mwenzao, kesho zamu ya mwingine. Unaona? Ni msaragambo mtupu! Na sehemu nyingine za nchi ile watu walitundika nyota kubwa ukutani mwa ghala kuwa pambo. Waandishi wa Wikipedia walichukua mfano huo. Tangu mwaka 2003 wanapeana picha ya nyota ya ghala. Mwandishi yeyote anaweza kumpa mwenzake. Huhitaji ruhusa ya mkubwa. Unaiweka katika ukurasa wake, pale ambapo wengine wataiona, na chini yake unaandika sababu: kwa kulinda makala zisiharibiwe, kwa kuwasaidia wageni, kwa picha nzuri, na kadhalika.

Nyota ile haiuzwi, wala hainunui hata kibiriti. Lakini kuna watu wanaoitunza kama cheti cha kuhitimu kisomo kilichotundikwa ukutani.

Njia ya tatu ni heshima ya mwaka. Tangu 2011, Jimmy Wales amekuwa akitangaza mtu wa mwaka katika mkutano mkubwa wa wanaojitolea. Waafrika wamo katika orodha hiyo. Felix Nartey wa Ghana alitangazwa mwaka 2017. Emna Mizouni wa Tunisia alitangazwa mwaka 2019. Mwaka 2020 ikawa zamu ya Sandister Tei wa Ghana, ambaye aliandika habari za ugonjwa wa korona nchini kwake wakati watu walikuwa na hofu na uvumi ulikuwa mwingi. Mwaka 2022 akatangazwa Olushola Olaniyan wa Nigeria. Na mkutano wa Agosti 2025 ulifanyika hapa kwa jirani zetu, mjini Nairobi. Ilikuwa mara ya kwanza mkutano huo kufanyika Afrika Mashariki.

Njia ya nne ni kuwashukuru wote kwa pamoja. Mwezi wa Oktoba 2014, katika mji wa Słubice nchini Poland, ilizinduliwa sanamu ya kuwaheshimu waandishi wa Wikipedia. Sanamu hiyo haimwonyeshi mtu mmoja mashuhuri. Inaonyesha watu wanne wameinua juu tufe, ambalo ndilo alama ya Wikipedia. Mwaka uliofuata, 2015, Tuzo ya Erasmus ya Uholanzi ilitolewa kwa jumuiya nzima ya Wikipedia, siyo kwa mwanzilishi. Mwaka huo huo Hispania nayo iliipa Wikipedia Tuzo ya Binti Mfalme wa Asturias.

Njia hizi nne hazifanani. Asante inatoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Nyota inaonwa na majirani. Heshima ya mwaka inaonwa na dunia, lakini inampata mmoja. Sanamu ni ya wote, lakini haimtaji yeyote. Kila moja ina mahali pake.

JE, SHUKRANI INAONGEZA KAZI?

Wako wanaosema: "Mtu wa kujitolea hahitaji sifa. Akishukuriwa atavimba kichwa." Wengine wanasema: "Bila sifa atakata tamaa." Nani mkweli?

Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Stony Brook, Marekani, hawakutaka kubishana maneno matupu. Walifanya jaribio, wakatoa matokeo mwaka 2012. Walichukua waandishi 200 miongoni mwa wale wanaofanya kazi nyingi kabisa katika Wikipedia ya Kiingereza. Nusu yao wakapewa nyota ya ghala. Nusu nyingine hawakupewa kitu. Waliochaguliwa kupewa walipatikana kama kwa kura, si kwa upendeleo. Kisha watafiti wakasubiri siku 90.

Waliopewa nyota walifanya kazi zaidi kuliko wenzao kwa asilimia 60. Tena walipata nyota nyingine kutoka kwa watu wengine mara sita zaidi. Maana yake, mtu mmoja akishukuriwa mbele ya watu, wengine nao wanafungua macho na kuiona kazi yake.

Lakini tusikimbilie kufurahi. Mwaka 2014 watafiti hao hao walitoa matokeo ya jaribio lingine. Safari hii waliwapa nyota na watu wenye kazi ndogo. Wenye kazi nyingi waliongeza bidii. Wenye kazi ndogo hawakuongeza. Sisi tunajifunza hivi: sifa inatia nguvu pale inapogusa kazi kweli. Ukimpa sifa kubwa mtu aliyefanya kidogo, yeye mwenyewe anajua.

Basi wageni tuwaache? Hapana. Mtafiti mwingine, Jana Gallus, alijaribu katika Wikipedia ya Kijerumani. Matokeo yake yalitolewa mwaka 2017. Yeye aliwatazama waandishi wapya. Alishirikiana na wenyeji wa Wikipedia hiyo kuanzisha tuzo yenye picha ya edelweiss, ua dogo jeupe linaloota katika milima mirefu ya Ulaya. Majina ya waliopewa yaliwekwa hadharani. Waliopewa walirudi mwezi uliofuata kwa wingi zaidi, kiasi cha asilimia 20 kuliko wasiopewa. Na mwaka mzima baadaye tofauti bado ilionekana.

Mgeni akikaribishwa mlangoni, anajua nyumba ile ina watu. Sisi walimu wa kisomo tunalifahamu jambo hili. Mwanakisomo akija siku ya kwanza na asiulizwe jina, siku ya tatu humwoni.

SHUKRANI INAYOHARIBU

Sasa tuseme na upande wa pili. Dawa ikizidi kipimo ni sumu.

Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, kampuni ya Google iliendesha mashindano ya kuandika makala katika Wikipedia ya Kiswahili. Wanafunzi wa vyuo vya Tanzania na Kenya waliingia. Zawadi zilikuwa vitu vya thamani, kama kompyuta. Makala nyingi mpya ziliandikwa, na nyingine zilikuwa nzuri. Lakini zawadi zilipogawiwa, wengi wa washindani hawakuonekana tena. Kazi ya kusahihisha na kutunza makala zao ikabaki kwa wale wachache waliokuwepo kabla.

Hatusemi kwamba zawadi ni mbaya. Tunasema kwamba aliyekuja kwa sababu ya zawadi, zawadi ikiisha naye ameisha. Umewahi kuona semina yenye posho inavyojaa watu? Na siku isiyo na posho je?

Hatari ya pili ni kuhesabu. Mashindano yakisema "atakayeandika makala nyingi ndiye mshindi", watu wataandika makala nyingi fupi fupi zisizo na kitu. Atakayeandika moja nzuri atashindwa. Ukipima kazi ya shamba kwa idadi ya mashimo, utapata mashimo mengi, mafupi, na miche itakufa.

Hatari ya tatu ni kwamba si kila mtu anaweza kutajwa hadharani. Mwaka 2015 mtu wa mwaka alikuwa wa nchi ya Venezuela, lakini jina lake halikutangazwa, kwa ajili ya usalama wake. Katika nchi nyingine kuandika ukweli kunamtia mtu matatani. Wapo pia wanaoandika kwa jina la kujichagulia kwa sababu ni wapole tu, hawapendi kelele. Kumtaja mtu wa namna hiyo bila kumwuliza ni kumwadhibu kwa wema wake. Mwulize kwanza.

UA LETU NA JINA LAKE

Sasa turudi milimani kwetu. Swali la nani atajwe katika maarifa si geni hapa.

Katika misitu ya Usambara huota ua dogo la rangi ya zambarau, kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Majani yake ni mazito na yana manyoya laini. Leo ua hilo hupandwa katika vyungu ndani ya nyumba, Ulaya, Marekani na Asia. Huuzwa kwa mamilioni. Wataalamu walilipa jina Saintpaulia.

Jina hilo limetoka wapi? Wakati wa utawala wa Wajerumani, ofisa mmoja wa Tanga aliitwa Walter von Saint Paul. Mwaka 1892 ua hilo lilipelekwa Ujerumani kwa baba yake. Mtaalamu wa mimea, Hermann Wendland, akalieleza kitaalamu mwaka 1893, na akalipa jina la ukoo wa baba na mwana hao.

Watu wa milima hii walikuwa wakipita mbele ya ua hilo tangu enzi za mababu. Katika jina lake la kitaalamu hakuna jina la Msambaa hata mmoja. Hatulisemi hili kwa kinyongo. Tunalisema ili tuone wazi kwamba anayeandika ndiye anayetoa jina. Asiyeandika hupitwa, hata kama ua limeota nyuma ya nyumba yake.

Upo pia mfano wa kutia moyo. Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy aliandika kwa Kiswahili historia ya watawala wa Usambara. Kitabu chake kinaitwa Habari za Wakilindi. Kilianza kuchapwa katika misheni ya Magila mwishoni mwa karne ya 19, na kikatolewa tena mwaka 1962. Leo mtu akitaka kujua habari za Mbegha na Vuga, kitabu hicho hutajwa. Jina la mwandishi limeishi zaidi ya miaka mia. Lakini wazee waliosimulia habari zile, wale waliokaa usiku na kukumbuka, wangapi tunawajua kwa majina?

MZEE ASIYEANDIKWA

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe.

Wikipedia ina sheria: jambo unaloliandika lithibitishwe na maandishi yaliyokwisha kuchapwa, kama kitabu au gazeti. Huwezi kuandika "nimeambiwa na babu". Sheria hii ina maana yake. Inazuia uongo na uvumi. Bila sheria hiyo kila mtu angeandika anachotaka.

Lakini angalia matokeo yake. Bibi mmoja wa huku kwetu anajua dawa za miti, majina ya chemchemi, na sababu ya msitu fulani kutokatwa. Anajua kuliko vitabu. Hata hivyo hawezi kuingia katika kamusi elezo, kwa sababu maarifa yake hayajachapwa popote. Akija mtafiti, akamhoji siku mbili, akachapa kitabu, kitakachotajwa ni jina la mtafiti.

Tufanye nini? Tuandike sisi wenyewe. Wewe uliyehitimu kisomo una kalamu. Nenda kwa mzee. Mwombe ruhusa. Andika anachosema, na juu kabisa uandike jina lake, kijiji chake, na tarehe. Kisha lete katika gazeti kama hili. Likichapwa, limekuwa maandishi. Kesho kijana mwenye simu ataweza kulitaja katika kamusi elezo, na jina la mzee litasimama hapo. Tuwafikirie zaidi kina mama. Waandishi wengi wa Wikipedia ni wanaume, na wanaume mara nyingi huandika wale wanaowaona.

Na sisi wa elimu ya watu wazima tunalo deni letu wenyewe. Mwaka 1967, katika kila watu wazima 100 wa Tanzania, kama 67 hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kufika mwaka 1986 walibaki kama 10 katika kila 100. Nani walifanya kazi hiyo? Wengi walikuwa walimu wa kujitolea, wengine vijana waliomaliza darasa la saba, wakifundisha jioni chini ya miti kwa posho ndogo sana. Takwimu zimehifadhiwa. Je, majina yao yako wapi? Wengine bado wako hai, wanalima kabichi na viazi jirani yako.

TUFANYE HIVI

Kwa kifupi, kijiji au kikundi kikiwa na kazi ya kujitolea, tunashauri mambo haya:

1. Kuwe na daftari tangu siku ya kwanza. Liandikwe na watu wawili wanaokaa pande mbili za kazi, mmoja kwa wachimbaji, mmoja kwa wasombaji na wapishi.

2. Shukrani itaje kazi. Usiseme tu "tunamshukuru fulani". Sema: "Alisomba mchanga Jumamosi sita."

3. Mgeni wa kazi ashukuriwe mapema. Usingoje mpaka mwisho.

4. Usiahidi vitu usivyoweza kuvitoa kila mara.

5. Mwulize mtu kama anapenda kutajwa.

6. Mwananchi wa kawaida naye amshukuru mwenzake. Tusingoje mgeni wa heshima.

Msomaji atauliza: na yule mama je?

Kamati ya maji ilikaa, ikakiri kosa. Daftari likaandikwa upya, safari hii kwa kwenda nyumba kwa nyumba. Mkutano ukaitwa, majina yote yakasomwa. Jina la mama likasomwa, pamoja na Jumamosi zake sita. Akasimama. Akapigiwa makofi. Kisha kabla hajakaa akasema: "Mmemsahau bibi aliyetuazima sufuria." Bibi yule naye akaandikwa.

Jumamosi iliyofuata mama alikuja mtaroni na ndoo yake.

MANENO YA KUKUMBUKA

Kamusi elezo: kitabu au ukurasa unaoeleza habari za vitu vyote, si maana ya maneno tu.
Intaneti: mtandao unaounganisha kompyuta na simu za dunia.
Tuzo: kitu au heshima anayopewa mtu kwa kazi nzuri.
Hadharani: mbele ya watu wote.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chenu, ni kazi gani za kujitolea ambazo hazionekani? Nani wanazifanya?
2. Kati ya njia nne za kushukuru, ipi inafaa kwenu? Kwa nini?
3. Je, umewahi kusahauliwa katika orodha? Ulifanya nini?
4. Tajeni mzee mmoja mwenye maarifa ambayo hayajaandikwa. Nani katika kikundi atakwenda kumsikiliza wiki hii?